Chemirocha ndiye aidoli wetu wa kwanza, na hakuna mtu atanibishia

Mnakumbuka ile klipu niliweka mwezi jana? Sekunde 40 hivi. Wasichana wanne tumesimama katikati ya mistari ya chai upande wa Litein, tumevaa sketi za shule za zamani tulizozishona upya, tunacheza wimbo wa kundi la aidoli la anime. Halafu katikati biti inakatika na inaingia sauti ya chepkong, ile ala yetu ya nyuzi, na nyuma yake wasichana wanaimba kwa Kikipsigis. Sekunde 12 tu, kisha biti inarudi.

Wengi wenu mliipenda, asanteni. Lakini nilijiwa juu kutoka pande mbili. Kuna wale waliniambia naharibu utamaduni wa Wakipsigis kwa kuuchanganya na katuni za Wajapani. Na kuna otaku wenzangu, hao ndio waliniuma zaidi, walisema wimbo wa aidoli ni kitu safi na mimi nimeutia "mambo ya ushago". Yaani manze, sina kwetu popote.

Nimekaa na hilo jambo wiki tatu. Kitu kinachonisumbua ni kwamba zile sekunde 12 hakuna upande ulijua zimetoka wapi. Wangejua, sidhani wangeniambia walichoniambia. Kwa hivyo leo nawapa hadithi nzima, na ni ndefu kwa sababu inaanza 1950.

Ukitoka Kericho mjini ukashika barabara ya Sotik, unapita Litein, halafu unafika Kapkatet. Leo Kapkatet ni soko, hospitali, kiwanda cha chai, bodaboda zimepangwa chini ya miti. Mwaka 1950 alifika hapo mzungu mmoja kwa jina Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, akizunguka na mashine za kurekodi ndani ya gari. Kazi yake maisha yote ilikuwa kurekodi muziki wa Kiafrika kabla haujapotea, au tuseme kabla haujapotea kwa maoni yake. Miaka minne baadaye alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo mpaka leo iko Afrika Kusini.

Pale Kapkatet aliwakuta watu wanaimba kuhusu mtu anayeitwa Chemirocha. Alirekodi zaidi ya wimbo mmoja wenye jina hilo. Unaojulikana kuliko yote ni ule wa 3, alioimba Chemutoi Ketienya akiitikiwa na wasichana, chepkong ikizunguka chini yao bila kupumzika. Ni wimbo mfupi sana. Ukiusikia mara ya kwanza unafikiri simu yako imeruka, kwa sababu unaisha ukiwa bado unajiandaa kusikiliza.

Sasa huyu Chemirocha ni nani? Sema polepole. Che-mi-ro-cha. Jimmie Rodgers.

Sio utani. Jimmie Rodgers alikuwa mwimbaji wa Marekani, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1897, mtu wa reli aliyefanya kazi ya breki kwenye magari moshi mpaka kifua kikuu kikamtoa kazini. Akarekodi mara ya kwanza 1927 na akafa 1933. Kwa miaka hiyo sita tu alitosha kuitwa baba wa muziki wa kantri. Alama yake ilikuwa ile sauti inayovunjika ghafla kutoka kifuani kuruka hadi juu kabisa, kama mtu anayeita ng'ombe kutoka mlima mwingine. Sahani zake za santuri zilisafiri mpaka huku, zikapigwa kwenye gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, na watu wakasikia.

Na kwenye wimbo wa wale wasichana, Chemirocha ni nusu mtu nusu swala. Ana miguu ya swala. Wanamwita aje acheze, aruke vile vijana wa Kipsigis huruka, aruke kwa nguvu mpaka nguo zimvuke.

Hii hadithi imezunguka dunia nzima. Mara nyingi inasimuliwa hivi: kulikuwa na kabila huko mbali, hawakuwa wamewahi kusikia mashine ikiimba, wakasikia sauti ya mzungu wakadhani ni mungu. Aaaw. Watu wanacheka kidogo, wanaguswa kidogo, wanaenda zao.

Mimi nikisikia inasimuliwa hivyo nafikiria Macross.

Kwa wale hamjaitazama: ni anime ya 1982, moja ya zile zilizoanzisha mambo yote haya ya waimbaji wa kuchorwa. Kuna vita na majitu yanayoitwa Zentradi. Wameumbwa kwa ajili ya kupigana tu, hawana nyimbo, hawana utamaduni wowote. Halafu wanamsikia Lynn Minmay, msichana aidoli, anaimba wimbo wa mapenzi wa kawaida kabisa, na jeshi zima linachanganyikiwa. Wimbo unashinda mizinga. Ni wazo tamu sana na nimelia nalo zaidi ya mara moja.

Lakini angalia hadithi ya Chemirocha inavyosimuliwa. Sisi tumewekwa nafasi ya Zentradi. Eti kulikuwa kimya kwenye hivi vilima, halafu sauti moja ikashuka kutoka juu na tukashangaa.

Kimya gani? Hebu niwaonyeshe kulikuwa na nini hapa kabla ya Tracey kupaki gari lake.

Kwanza, Wakipsigis walikuwa na nyimbo za kila kitu na chepkong ya kuzisindikizia. Ukienda magharibi kidogo unakuta Wajaluo na nyatiti. Ukienda kusini, Wakisii na obokano, ile kubwa inayonguruma kama trekta. Wabukusu wana litungu. Zote ni ala za jamii moja, bakuli na mikono miwili na nyuzi, na kila jamii inaapa ya kwao ndiyo tamu. Hao wote ni majirani waliooana, walioibiana ng'ombe, waliouziana mtama. Wewe unadhani hawakuibiana nyimbo?

Halafu reli. Ilifika Kisumu 1901, ikipita kaskazini mwa kaunti yetu, Londiani na Kipkelion. (Jimmie Rodgers mtu wa reli, na jina lake likaishi kwenye nchi iliyochanwa na reli. Sina la kufanya na hilo, nimelipenda tu.) Kisha chai. Kampuni kubwa za Uingereza zilianza kupanda Kericho miaka ya 1920, Brooke Bond wakiwa kati ya wa kwanza. Wakipsigis wengi hawakutaka kazi ya kuchuna majani kwenye shamba la mtu mwingine, hasa shamba lililokuwa lao juzi. Kwa hivyo wachunaji waliletwa kutoka Nyanza na magharibi, wakapangwa kwenye laini, zile nyumba za kambi ambazo bado ziko. Jioni laini moja ina Wajaluo, Wakisii na Waluhya, wote wamechoka, wote wana nyimbo. Kanisani, Litein na baadaye Tenwek kule Bomet, wamishonari walikuwa wanafundisha tenzi za Kimarekani zilizotafsiriwa. Na vita vya pili vya dunia vilipoisha, vijana waliokuwa wamepelekwa mpaka Burma na jeshi la KAR walirudi na walichosikia huko.

Na kuna kitu ambacho wale wasimuliaji wa "aaaw" huwa hawataji. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wetu wa kiroho, na familia zao zikahamishiwa Gwassi karibu na ziwa. Miaka ileile ya gramafoni. Kwa hivyo watu waliosikia sauti ya Jimmie Rodgers hawakuwa watoto wa msituni wanaoshangaa kiboksi. Ni watu waliokuwa wanaona ardhi ikigeuka shamba la chai na wazee wao wakibebwa, na wageni wakizidi kuja kila mwaka na kitu kipya. Kwenye hali hiyo, wasichana fulani wa Kapkatet walichukua sauti ya mgeni mmoja, wakampa miguu ya swala, na wakamwamuru acheze mpaka abaki uchi.

Sasa niambie nani anamwabudu nani hapo.

Mimi sisikii kuabudu. Nasikia wasichana wanacheka. Sijui kama nacheka nao kwa sababu ile ile, lakini sauti ya Chemutoi Ketienya sio ya mtu anayeogopa. Ni ya mtu anayeongoza kundi. Na hapo ndipo jicho langu la kutazama anime mpaka saa tisa usiku linanisaidia, kwa sababu nimeona kitu hiki mara mia: kundi la wasichana, na mhusika wa kubuniwa ambaye amejengwa kwa vipande vya muziki uliotoka mbali. Ndio maana nasema ni aidoli. Ana sauti iliyotoka kwenye mashine. Ana mwili ambao hakuna mtu aliwahi kuuona. Ana mtindo wake wa kucheza na ana mashabiki wanaomwita aje. Hatsune Miku alitoka 2007 akiwa vivyo hivyo, sauti kwenye programu na msichana wa kuchorwa, na watu wanajaza kumbi kumtazama. Sisi wetu alikuwa na kwato.

Hebu tukae kidogo kwenye hilo jina, kwa sababu jina ndilo linaonyesha kazi yenyewe.

Sisi Wakalenjin tunachekwa Kenya nzima kwa lafudhi. J inatoka ch, g inatoka k, b inatoka p. Kuna vichekesho vya televisheni vimejengwa juu ya hilo peke yake, na nikiwa shule ya upili Nairobi nilijifunza kunyamaza darasani ili nisichekwe. Lakini ni hiyo lafudhi iliyotengeneza Chemirocha. Jimmie haiwezi kukaa kwenye mdomo wa kogo wangu, inakuwa Chemi. Na ikishakuwa Chemi, inaanza kusikika kama jina la nyumbani, kwa sababu Che- na Chep- tumezizoea kwenye majina ya wasichana: Chebet, Chepkoech, Chelangat. (Najua kuna Cheruiyot na ni wa kiume, msinitumie ujumbe.) Sina ushahidi kwamba wale wasichana walilisikia hivyo. Mimi ndivyo ninavyolisikia: mwanamume wa Mississippi amepewa jina ambalo lingeweza kuwa la binti wa jirani.

Na sasa angalia neno lenyewe "aidoli". Mwaka 1964 Japani ilionyeshwa filamu ya Kifaransa ambayo Sylvie Vartan, msichana mzaliwa wa Bulgaria aliyekulia Paris akiimba roki ya Kimarekani, aliimba ndani yake. Jina la filamu lilikuwa na neno la Kifaransa la sanamu inayoabudiwa. Wajapani wakachukua neno la Kiingereza la maana hiyo hiyo, likapita kwenye midomo yao ambayo haipendi kuacha neno bila irabu mwishoni, likatoka "aidoru". Mbulgaria, Mfaransa, Mmarekani, Mjapani, kwa neno moja. Halafu leo mtu ananiambia eti aidoli ni kitu safi cha Kijapani nisiguse. Aidoru na Chemirocha ni kazi moja ya mdomo.

Ukiingia ndani ya anime zenyewe ndio kabisa. Love Live, ambayo kundi letu lilianza kwa kuiga, ilianza kama mradi 2010 na anime ikatoka 2013. Wasichana 9 wa kundi la μ's wanataka kuokoa shule yao isifungwe kwa kukosa wanafunzi. Ndani ya wale 9 kuna vikundi vidogo 3, na kimoja, lily white, kina ladha ya nyimbo za Kijapani za zamani, zile mama zao wangeimba, wakati BiBi wanapiga mambo ya kielektroniki. Na "Idol" ya YOASOBI, ya Oshi no Ko, 2023, ambayo nyote mliichosha kwa kuirudia: kuna kurap, kuna kwaya ya kama kanisani, kuna sauti tamu ya aidoli wa kawaida, na kila moja inakuonyesha uso tofauti wa Ai. Ukitoa mchanganyiko, mhusika anakufa. Hana kitu kingine.

Lakini nikichagua moja ya kuweka kando ya Kapkatet, ni Zombie Land Saga ya 2018. Kama hujaitazama, acha kusoma uende, nitakungoja.

Saga ni mkoa wa Japani ambao Wajapani wenyewe husahau uko wapi. (Bomet, inasikika?) Meneja mmoja mwendawazimu anafufua wasichana 7 waliokufa na kuwafanya kundi la aidoli, Franchouchou, ili mkoa ujulikane. Na wamekufa nyakati tofauti. Yugiri ni mwanamke wa karne ya 19, wa enzi ambazo mburudishaji alishika shamisen. Junko alikuwa aidoli akafa 1983. Saki alikuwa kiongozi wa genge la pikipiki miaka ya 1990. Ai alikuwa aidoli wa kisasa akapigwa na radi jukwaani 2008. Kila mmoja anakuja na muziki wa wakati wake na hauendani na wa mwenzake. Shoo yao ya kwanza inatoka metali ya kupiga kelele na kutingisha vichwa. Ya pili, Sakura na Saki wanagombana jukwaani na ugomvi unageuka mashindano ya kurap. Hawajui wao ni kundi gani.

Kipande kinachonikaa moyoni ni cha Junko na Ai. Ai anaona ni kawaida kupiga picha na mashabiki, kushikana nao mikono. Junko anakataa kabisa. Wakati wake aidoli alikuwa nyota, hukaribii nyota. Wote wawili ni aidoli na hawakubaliani aidoli ni nini. Na hadithi haimpi ushindi yeyote. Inawaweka jukwaani pamoja, radi inawapiga (ndio, tena), na kwa sababu ni mazombi hawafi, sauti zao zinatoka kama za mashine, na umati unapagawa. Hapo ndipo Franchouchou inakuwa Franchouchou. Haikuwa uamuzi wa mtu kwamba sasa tuna mtindo. Vitu visivyopatana vilibaki pamoja muda wa kutosha mpaka vikazaa sauti ambayo hakuna kundi lingine linayo.

Na Jimmie Rodgers mwenyewe ni hivyo hivyo, jamani. Blues alizichukua kwa wafanyakazi Weusi wa reli. Ile sauti ya kuvunjika, asili yake watu huitafuta milima ya Uswisi, ingawa yeye alizungukwa na waigizaji wa majukwaani waliokuwa wakiitumia. Kwenye rekodi zake kuna gitaa la Hawaii. Mwaka 1930 alirekodi na Louis Armstrong akipuliza tarumbeta, mzungu wa kusini na mtu Mweusi kwenye chumba kimoja, wakati huo. Blues nazo zilijengwa na wajukuu wa watu waliochukuliwa Afrika. Kwa hivyo ile sahani ilipofika Kapkatet haikuwa "muziki wa kizungu". Ilikuwa mchanganyiko uliozunguka bahari mbili, na wasichana wakaongeza chepkong na kwato.

Sawa. Sasa sehemu ambayo sikutaka kuandika.

Baada ya kuwajibu wale wawili kichwani mwangu, nilijisikia mshindi kabisa. Nikampigia kogo, nikaenda Jumapili, nikampigia ule wimbo kwa simu. Nilitaka nimrekodi akifurahi, mnanijua. Aliusikiliza. Akaniambia rudia. Akausikiliza tena, mkono kwenye shavu. Mara ya tatu akaniuliza:

"Ni watoto wa nani hawa?"

Sikuwa na jibu. Rekodi inataja Chemutoi Ketienya, basi. Wengine wote wameandikwa "wasichana wa Kipsigis". Kundi la wasichana lililosikika dunia nzima na hilo ndilo jina lao, kama vile mtu angeandika "wanawake wa Japani" halafu akaachia hapo. Kogo hakuwa anauliza kuhusu utamaduni. Kwetu ukisikia mtoto wa mtu anaimba vizuri unauliza ni wa nani ili ujue umsifu kwa nani.

Na mimi, na maneno yangu yote ya kuchanganya, nilikuwa nimefanya nini? Nimekata sekunde 12 kutoka kwenye intaneti. Sikuomba mtu. Sikuandika jina la Chemutoi Ketienya popote. Chini ya ile klipu niliandika jina la wimbo wa anime, mtunzi wake, na aliyenishonea sketi. Kwa zile sekunde 12 nikaandika "sauti za kienyeji". Mjapani nilimpa heshima yake yote, msichana wa Kapkatet nikamfanya kelele za nyuma. Hakuna aliyenikosoa kwa hilo, kati ya wote walionijia juu.

Kwa haki, kuna watu waliliona kabla yangu. Mwaka 2014 ILAM walishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ya Tabu Osusa, kupitia mradi wa Singing Wells, wakazirudisha zile rekodi za Tracey huku kwa Wakipsigis. Walitafuta walioimba na familia zao, na kati ya waliorekodiwa 1950 walimpata mzee ambaye bado alikuwa hai. Fikiria. Miaka 64 sauti yako inasikilizwa na watu usiowajua, halafu siku moja gari linapaki nje wanakwambia, mzee, tumekuletea.

Mimi nilikuwa mtoto wakati huo, na nyumbani kwetu ni mwendo wa matatu moja tu kutoka pale. Hakuna mtu shuleni alinitajia. Nilimjua Minmay kabla sijamjua Ketienya, na sioni aibu ya kumjua Minmay.

Mtu ataniuliza kati ya 1950 na mimi kulikuwa na nini, isionekane kama tulilala. Hatukulala. Wajaluo walihamisha mapigo ya nyatiti kwenye gitaa na benga ikazaliwa, na ikapita kwenye laini za chai kama moto. Kipchamba arap Tapotuk akashika gitaa akaimba kwa Kikalenjin, na baba yangu mpaka leo hawezi kuosha gari bila yeye. Kantri nayo haikuondoka kamwe. Ingia baa yoyote Kericho Ijumaa usiku, kabla ya saa nne ni Kenny Rogers na Dolly Parton, na wazee wanaimba kila neno. Watu wa Nairobi wanashangaa kwa nini sisi tunapenda kantri hivyo. Mimi nawaambia waulize wale wasichana.

Kwa hivyo, ile klipu nimeitoa. Sio kwa sababu ya wale wa utamaduni, wala otaku. Nimeiandikia ILAM barua pepe kuuliza utaratibu wa kutumia rekodi, bado nangoja jibu. Wakati nangoja, kundi letu limeamua hatukati kipande cha mtu tena, tutapiga wenyewe. Tumempata mzee mmoja jirani ya kogo mwenye chepkong na uvumilivu. Mimi ndiye nina vidole vibaya kuliko wote, kwa hivyo nimewekwa kwenye kuitikia. Wimbo wa aidoli utabaki, sketi zitabaki, na katikati, pale biti inakatika, tunamwita Chemirocha kwa sauti zetu, majina yetu manne yameandikwa chini na la Chemutoi Ketienya juu yetu.

Mzee amesikiliza mazoezi mara mbili. Anasema kuimba tunajaribu, lakini hatujui kuruka. Jumamosi tunarudi.